Uzuri Wenye Skrubu

Pita leo kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Bagamoyo, au kwenye yale ya Kariakoo ambako wenye maduka wa Bagamoyo huenda kufungasha mzigo, utaona jinsi vyombo vya muziki vilivyobadilika sura. Ile redio nyeusi ya mraba imesukumwa nyuma ya rafu. Mbele zimepangwa spika za mviringo zilizovikwa kitambaa, sabufa zenye taa zinazocheza kwa kufuata mdundo, saundi baa nyembamba za kuwekwa chini ya runinga, hedifoni zenye mito laini, na eapodi zilizolala ndani ya vikasha vyao vyeupe. Wanaovitazama vitu hivi hugawanyika. Kuna wasemao ni urembo mtupu, mtu analipia ganda. Kuna wasemao ndiyo maendeleo, na anayenung'unika kapitwa na wakati. Makala hii haiko upande wowote kati ya hizo. Uzuri wa chombo cha muziki si upuuzi, na watu wa pwani hawajawahi kuuona hivyo. Swali la maana liko nyuma ya kifaa, au chini ya kitako chake, mahali ambapo mnunuzi hapaangalii kabisa: kina skrubu? Maana yake, siku kikigoma, kuna mtu Bagamoyo anayeweza kukifungua bila kukivunja? Kwa mji unaopigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha uzuri, kabla ya rangi, kabla ya taa na kabla ya wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na urembo wenyewe, kwa sababu unasingiziwa mengi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sahani zilizotoka huko zilirudi pwani kuchezwa kwenye vinanda vya santuri. Kinanda cha santuri kilikuwa fanicha: sanduku la mbao lililopigwa msasa na vanishi, mkono wa kuzungushia springi, na kwenye aina nyingine pembe iliyochanua kama ua. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kila upande, na sindano ya chuma ilibidi ibadilishwe kila mara isije ikakwangua mifereji ya sahani. Aliyekuwa nacho alikiweka mahali pa kuonekana. Ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baada ya uhuru kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, kikawa kinatoa betri za National zilizobebwa hadi vijijini, huku Arusha nako kukiunganishwa redio za Philips. Nyumba nyingi za Kitanzania zinaikumbuka redio hiyo jinsi ilivyovishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye ncha zinazoning'inia mbele, kikiinuliwa kidogo ili kisizibe spika. Yule mama aliyekaa kufuma kitambaa cha redio hakuwa na haja ya kufundishwa na kampuni yoyote ya nje kwamba chombo cha muziki ni sehemu ya mapambo ya sebule. Leo spika inakuja na kitambaa chake kutoka kiwandani. Fundi wa mapambo amebadilika tu.

Kwa hiyo anayemcheka kijana aliyechagua spika kwa sababu ya rangi anasahau historia ya nyumba aliyokulia. Kilichobadilika ni kwamba zamani uzuri na ufundi vilikaa pamoja. Kaseti ni mfano mzuri kuliko yote. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na kaseti nyingi zilifungwa kwa skrubu ndogo tano. Mkanda ukikatika, mtu alichukua bisibisi nyembamba, akafungua, akaunga kwa kipande kidogo cha selotepu, akafunga, na wimbo ukaendelea na kwikwi moja tu pale penye kiungo. Ukilegea, kulikuwa na kalamu ya Bic, ambayo pembe zake ziliingia kwenye meno ya kaseti utadhani zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Redio kaseti yenyewe ilikuwa na mpira wa kuzungusha uliolegea baada ya muda, kichwa cha kusomea kilichosafishwa kwa pamba na spiriti, na fyuzi iliyouzwa kwa bei ya andazi. Fundi redio alikaa kwenye kibanda chake akizungukwa na matumbo ya mashine za watu, na mteja aliweza kuona kwa macho yake kilichoharibika. Sony walipotoa Walkman mwezi Julai 1979 na kumwezesha mtu kutembea na muziki wake masikioni, hata hiyo ilikuwa mashine ya kufunguka: mpira, injini, gia, betri mbili zilizonunuliwa dukani.

Sasa chukua eapodi mkononi. Tangu Apple walipozitangaza za kwanza mwaka 2016, ulimwengu mzima umeiga umbo lile, na Oraimo, jina la vifaa vya kampuni ya Transsion ya China inayotengeneza pia simu za Tecno na itel, limezishusha bei hadi zikawa za kawaida mitaani kwetu. Ni kazi ya ajabu kiufundi. Ndani ya kitu kisichozidi ukubwa wa punje ya korosho mna spika, maikrofoni, redio ya blutuzi na betri. Lakini vyote vimeshindiliwa na kugandishwa kwa gundi. Mafundi wa iFixit huko Marekani, ambao kazi yao ni kufungua vifaa vipya na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, walizipa eapodi za Apple sifuri juu ya kumi, kwa kuwa hakuna njia ya kufikia betri bila kuliharibu ganda. Na betri ndiyo yenye kufa kwanza. Betri ya lithiamu kwa kawaida ikishachajiwa mara 500 hivi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake, kisha huendelea kushuka. Simu huchajiwa mara moja kwa siku. Eapodi hurudishwa kwenye kikasha mara kadhaa kwa siku, na kila mara hunyonya umeme. Ongeza joto, ambalo betri za aina hii haziliwezi, halafu fikiria eapodi iliyosahaulika juu ya dashibodi ya daladala la Makumbusho–Bagamoyo saa saba mchana. Haishangazi kuona eapodi za miaka miwili zikiimba nusu saa na kuzima, moja ikitangulia nyingine.

Bagamoyo ina adui mwingine ambaye watengenezaji wa Shenzhen na California hawakai naye nyumba moja. Ni chumvi. Mabati yanaijua, bawaba za milango zinaijua, na kifaa cha umeme kinaijua upesi zaidi kwa kuwa kina madini membamba mno. Mnunuzi huonyeshwa maandishi IP67 akaambiwa kifaa hakiogopi maji. Maandishi hayo yana maana iliyopimwa: tarakimu ya 6 ni kwamba vumbi haliingii, na 7 ni kwamba kifaa kimezamishwa hadi mita moja kwa dakika 30 kikatoka salama. Ila kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari na unyevu wa bahari ni jambo lingine. Spika iliyopelekwa ufukweni ikarudi bila kusuuzwa hubaki na utando wa chumvi kwenye tundu la chaja, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Mwenyewe anafika nyumbani, anachomeka waya usiku uleule, umeme unapita katikati ya maji ya chumvi, na pini ndogo za shaba zinaanza kuliwa. Baada ya wiki kadhaa huonekana rangi ya kijani kibichi ndani ya tundu, kisha chaja inashika kwa kuegeshwa pembe moja tu, kisha haishiki kabisa. Spika nzima iko hai: koni zake nzima, betri yake nzima, bodi yake nzima. Imekufa kwa kukosa mlango wa kulishwa. Tundu la chaja ni kipande cha bei ndogo sana, na fundi simu yeyote anajua kukichomelea. Kikwazo ni kukifikia.

Katika mizani hii, sabufa, ambayo watu wenye kujiona wajuzi wa sauti huidharau, inapata heshima isiyotarajiwa. Geuza sabufa yoyote ya kawaida uitazame mgongo. Kuna bamba la chuma lililoshikiliwa kwa skrubu nane au kumi. Ukilifungua unakuta transfoma, bodi moja ya amplifaya, mara nyingi yenye chipu za kawaida kama TDA2030 ambazo mafundi wanazijua kwa jina, fyuzi, na nyaya mbili kwenda kwenye koni. Kila kimoja kinapatikana. Koni ikichanika hununuliwa nyingine ya inchi zilezile. Hata spika za zamani za mtumba, zile kubwa za Kijapani zilizoletwa kwa makontena, zina ugonjwa mmoja unaotibika: sponji inayouzunguka mduara wa koni huoza kwa joto na unyevu, ikawa unga mikononi, na sauti ikaanza kukoroma. Fundi huikwangua, hubandika pete mpya, na spika hurudi kazini. Anayenunua za mtumba kwa hiyo atazame pete hiyo kwanza; ikiwa ya mpira ina maisha marefu kuliko ya sponji. Udhaifu wa sabufa mpya ni sanduku lake, ambalo ni unga wa mbao uliogandishwa, si mbao. Likilowa kwenye sakafu wakati wa masika linavimba na kuachia pembeni. Iinuliwe juu ya kitu chochote, hata matofali mawili.

Hili halimaanishi kwamba sabufa haina uongo wake. Ina mmoja mkubwa, umeandikwa kwenye boksi kwa herufi nene: wati elfu kadhaa, na nyuma ya tarakimu herufi PMPO. Namba hiyo ni ya mlipuko wa kinadharia usiodumu hata kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hujihesabia kinavyopenda. Dawa yake ni kusoma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaovutwa ukutani. Ikiwa kifaa kinavuta wati 60, hakiwezi kutoa mfululizo hata hizo 60, kwa sababu nyingine zinapotea kuwa joto. Na wala mwenye nyumba hana haja nazo. Sikio la binadamu halihesabu kama mita ya LUKU: ili usikie sauti imekuwa kama maradufu, unahitaji nguvu mara kumi. Kutoka wati 30 hadi 300 ni kupanda ngazi moja tu ya aina hiyo. Zaidi ya hapo kuna chumba chenyewe. Wimbi la sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita saba, wakati vyumba vingi havifiki nusu yake. Besi ikikosa pa kutanda hujirundika kwenye kona, ukuta ukavuma, na bati likaanza kuitikia kwa kelele yake. Wengi wanaolalamika kwamba sabufa yao inakoroma wanaisikiliza kona ya nyumba na paa lake. Ukiisogeza hatua moja kutoka kwenye kona, unasikia gitaa la besi likitenganisha noti zake, na jirani naye anapumua. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, lakini kusogeza spika ni nafuu kuliko kuitwa na mtendaji wa kata.

Msomaji makini atasema: umeisifu sabufa kwa kuwa inafunguka, lakini ile spika ndogo iliyozibwa inaimba vizuri kuliko sabufa ya bei yake. Mara nyingi ni kweli. JBL Flip 6, kwa mfano, ina uzito wa nusu kilo na ushei, ina wati 30 za kweli, na inashuka hadi mitetemo 63 kwa sekunde, jambo ambalo miaka thelathini iliyopita lilihitaji sanduku la kubebwa na watu wawili. Ujanja wake ni viwambo viwili pembeni visivyo na umeme, vinavyosukumwa na hewa iliyofungiwa ndani, pamoja na kompyuta ndogo inayopanga upya sauti kila sehemu ya sekunde. Ubongo nao unasaidia: ukisikia mitetemo ya juu inayoambatana na noti nzito, hujaza noti yenyewe hata kama haikutoka. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo haifiki huko, na bado msikilizaji anaapa kausikia. Yote hayo ni ufundi wa hali ya juu na hakuna sababu ya kuukana. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai gundi. Ubora wa sauti unatoka kwenye hewa iliyofungwa vizuri, na hewa hufungwa kwa mpira na skrubu vilevile.

Hapo ndipo pingamizi la maji linapoingia, nalo ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Watengenezaji husema: mkitaka kifaa kisichoingiza maji, kubalini kisichofunguka. Ingekuwa kweli, saa za wazamiaji zisingebadilishwa betri. Tochi ya kuzamia inafunguliwa kila wiki na inashuka mita nyingi chini ya bahari, kwa pete moja ya mpira iliyopakwa mafuta. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya mtengenezaji aone faida kuiweka. Umoja wa Ulaya umeitafuta sababu hiyo kwa sheria: kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kifaa kinachouzwa kwenye nchi zake kinapaswa kuwa na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuibadilisha. Vifaa vilivyoundwa mahususi kutumika majini vimepewa nafasi kidogo, kwamba hivyo vinaweza kuhitaji fundi, lakini fundi yeyote wa kujitegemea, si wa kampuni peke yake. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi haikungoja. Mwaka 2024 ilitoa Fairbuds, visikizi vya sikioni visivyo na waya ambavyo betri zake, za kwenye kikasha na za kwenye kila sikio, hubadilishwa. Si vibaya kwa sura. Kwa hiyo hoja kwamba umbo dogo haliruhusu imekwisha kujibiwa na kitu kinachouzwa dukani.

Pingamizi la pili ni la mfukoni. Eapodi za bei nafuu zikifa unanunua nyingine. Nani atampelekea fundi kitu ambacho ujira wa kukifungua unazidi bei yake? Hesabu hii inaonekana safi mpaka uirefushe. Anayenunua za bei ndogo kila baada ya miezi minane, kwa miaka mitano, amelipia jozi saba au nane, na bado siku ya mwisho ana kitu kinachozima katikati ya wimbo. Na hesabu hiyo haijagusa zinakoishia. Kwa taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme katika mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Bagamoyo taka nyingi huishia shimoni, zikachomwa pamoja na majani. Betri ya lithiamu si kitu cha kutupwa kwenye moto wa majani.

Kwa mfuko mwembamba, jibu lenye akili zaidi ni lile ambalo mitindo imelitupa: iafoni za waya. Hazina betri, kwa hiyo hazina cha kuzeeka isipokuwa waya pale unapoingia kwenye pini, mahali ambapo kila fundi anajua kukata na kuunga. Zinafanya pia kazi ambayo eapodi haiwezi. Kwenye simu nyingi redio ya FM haishiki mpaka uchomeke waya, kwa kuwa waya huo ndio antena. Mvuvi anayetaka taarifa ya hali ya hewa alfajiri bila kuchoma bando, mama anayesikiliza taarabu ya redioni akipepeta mchele, wote wananufaika na kipande cha waya cha bei ndogo. Simu mpya zinazokuja bila tundu la jeki zimeondoa vitu viwili kwa mpigo, na wengi waligundua cha pili baadaye. Anayesema waya umepitwa na wakati, sawa. Lakini ajue kilichoondoka nao. Masikio yenyewe, kwa upande mwingine, hayajali kama kuna waya au hakuna. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikipanda hadi desibeli 90, muda unashuka hadi saa nne tu kwa wiki. Ndani ya daladala lenye injini inayonguruma, karibu kila mtu hupandisha juu ya hapo bila kujua, ili wimbo uushinde mngurumo. Hedifoni zenye uwezo wa kuzima kelele za nje zinasaidia kwa sababu hii hasa: zinakuwezesha kusikiliza taratibu. Hizo kubwa za kufunika sikio, nyingi zina mito inayobandulika na kubadilishwa, na mito ndiyo inayochanika kwanza kwa jasho la pwani.

Ipo pia hoja kwamba mafundi wenyewe wanakwisha, kwa hiyo kifaa kinachofunguka hakina wa kukifungua. Nadhani mambo yako kinyume. Fundi redio alipungua kwa sababu vitu vya kufungua vilipungua, na wale waliokuwa na vidole vyepesi walihamia kwenye simu. Vibanda vya fundi simu vimejaa kila mtaa, vyenye mashine ya hewa moto, kioo cha kukuzia na subira ya kutosha kubadilisha tundu la chaja lenye pini nyembamba kama nywele. Ujuzi upo. Ulaya imelazimisha pia tundu moja la aina ya USB-C kwa simu, hedifoni, eapodi na spika za kubeba tangu mwishoni mwa mwaka 2024, na matunda yake yanafika hadi huku: fundi anahifadhi aina moja ya tundu badala ya kumi. Anachokosa ni ganda linalomkaribisha.

Kwa mtu anayesimama dukani leo, basi, ushauri unakuwa mfupi. Akigeuze kifaa atafute skrubu, na azingatie kwamba wengine huzificha chini ya miguu ya mpira, kwa hiyo aibonyeze miguu kwa ukucha aone kama inabanduka. Aulize kama betri yake inapatikana peke yake. Spika nyingi za kubeba za bei ya kati hutumia betri za mviringo za kawaida, zile ambazo mafundi huzitoa kwenye betri mbovu za kompyuta mpakato na kuzipima upya. Adai risiti ya EFD na asome kilichoandikwa kuhusu waranti, maana pale penye tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" ganda lililozibwa kwa gundi ni hatari ya mnunuzi peke yake. Jina maarufu kwa bei ya kutupa alitilie shaka. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia mara kwa mara, lakini haiwezi kusimama kwenye kila meza ya machinga.

Na akisikilize, kwa wimbo wake yeye. Muuzaji huwa na wimbo mmoja wa besi nzito unaofanya kila spika ionekane simba. Bagamoyo ina vipimo bora kuliko huo. Ni mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, leo TaSUBa, mji ambao marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, aliufanya makao yake na kufundisha humo kabla ya kufariki mwaka 2003. Chukua rekodi yake yoyote ya ilimba. Ala ile ina mvumo wake maalumu, mnong'ono wa utando mwembamba unaotetema nyuma ya kila noti, na wachezaji huutengeneza kwa makusudi. Spika mbaya hufanya moja kati ya mawili: huumeza mvumo huo kabisa, au huongeza mkoromo wake wenyewe hadi huwezi kujua kipi cha ala na kipi cha plastiki. Weka kisha ngoma, usikilize kama unausikia mkono ukigusa ngozi kabla ya mvumo kufuata, au ni "bumu" moja tu lisilo na ncha. Halafu taarabu, pale fidla na ganuni zinapopita njia moja, uone kama unaweza kuzitenganisha. Singeli nayo ni mtihani mzuri wa kasi: mapigo yakizidi 200 kwa dakika, koni zembe huyachanganya yakawa uji.

Zikipita tarehe za sheria ya Ulaya, viwanda vya China vitakuwa na mistari miwili ya bidhaa. Mmoja wa vifaa vinavyofunguka kwa ajili ya masoko yenye sheria, mwingine wa shehena ya zamani iliyobaki ghalani, ikitafuta nchi ya kuipokea kwa bei poa. Shirika la Viwango Tanzania lina uwezo wa kuweka masharti bandarini, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofunga safari kwenda Guangzhou wana uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu wao ndio wanaochagua kontena. Lakini mfanyabiashara huleta kile anachoulizwa. Kwa sasa anaulizwa rangi, taa, na kama inapiga kwa nguvu. Bado hajaulizwa vya kutosha kuhusu betri na tundu la chaja.